Albamu za roki ya indi za 1997: pa kuanzia kwa mwenye sabufa, simu na masikio ya dansi

Mkuu wa Nyakato ameuliza swali zuri na ameweka masharti. Anataka albamu za roki ya indi za mwaka mmoja tu, za kusikilizwa mwanzo hadi mwisho. Masikio yake yamekuzwa na muziki wa dansi na kwaya za kanisani. Vifaa vyake ni simu, eafoni za waya na sabufa ya sebuleni. Ameeleza pia kwamba alishajaribu albamu mbili akasikia "kelele tu, besi hakuna".

Mwaka ninaoutaja ni 1997. Kwa sisi wa kanda ya ziwa si mgumu kuukumbuka: magugu maji yalikuwa yametanda kwenye fukwe, mwezi wa tano nchi iliyoitwa Zaire ikaacha jina hilo, na mwishoni mvua za El Niño zikaanza kumwaga. Ndani ya miezi hiyohiyo, huko Marekani na Uingereza zilitoka albamu za magitaa ambazo mpaka leo sijaona mwaka mwingine ulioziweka pamoja nyingi namna hiyo. Na lile la "besi hakuna" lina majibu mawili. Katika albamu moja besi kweli haipo, kwa makusudi. Katika nyingine ipo, ila inapiga wimbo, haitikisi kifua, na sabufa iliyowekwa kwa ajili ya singeli na Bongo Fleva haiwezi kuionyesha mpaka uibadilishe.

Kwanza neno lenyewe. Indi imetokana na lebo huru, yaani kampuni ndogo za kurekodi zisizomilikiwa na makampuni makubwa. Kill Rock Stars ya Olympia, jimbo la Washington, Matador ya New York, Up Records ya Seattle, Chemikal Underground ya Glasgow: hizo utakutana nazo hapa chini. Lakini kufikia 1997 neno hilo lilikuwa limeshakuwa jina la namna ya kupiga, kwa hiyo nimeziingiza bendi mbili zilizokuwa Warner, Built to Spill na The Flaming Lips, kwa kuwa upigaji wao ni wa nyumba hiyohiyo. OK Computer ya Radiohead nimeiacha. Ilitoka mwaka huohuo na ni albamu kubwa kweli, ila kila orodha inaanza nayo, na anayeizoea kwanza huzipima nyingine zote kwa kipimo chake.

Sasa sabufa, maana hapo ndipo albamu nyingi zinapofia. Sabufa ya nyumbani kwa kawaida ni boksi la besi na spika ndogo mbili au zaidi. Kitufe cha besi kikizungushwa hadi mwisho, boksi hutoa mvumo uleule kwa kila noti, na magitaa ya chini yanazama humo. Rudisha besi katikati kabisa, trebo ipite katikati kidogo. Boksi likisukumwa kwenye kona ya ukuta, besi inaongezeka yenyewe, hivyo livute kama nusu mita kutoka ukutani. Spika ndogo zisikae pamoja juu ya kabati la televisheni. Ziachane mita moja na nusu hadi mbili, ziwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, nawe ukae mbele yake kwa umbali uleule. Bila hivyo kushoto na kulia vinakuwa kitu kimoja, na nusu ya kazi ya albamu hizi imefanywa kwenye kushoto na kulia. Vitufe vya rimoti vinavyodai kupanua sauti, zima vyote.

Ukitumia waya wa AUX, sauti ya simu iwe kati ya asilimia 80 na 90, kisha upandishe na kushusha kwenye sabufa. Simu ikiwa chini sana, sabufa itakuza na mvumo wa umeme. Ikiwa juu kabisa, baadhi ya simu hukwaruza sauti, na kwa muziki ambao magitaa yake yamekwaruzwa kwa makusudi hutajua lipi ni la mpigaji na lipi ni la simu. Ukitumia flashi, majina ya mafaili yaanze na 01, 02, 03, maana sabufa nyingi hupanga nyimbo kwa jina au kwa jinsi zilivyonakiliwa. Nyingi pia husoma MP3 tu. Mafaili ya FLAC, yaani yale makubwa yasiyopunguzwa ubora, hazioni kabisa.

Bando: albamu nane za kwanza hapa chini zina jumla ya dakika 450 hivi. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde hula megabaiti 2.4 kwa dakika, kwa hiyo zote nane ni kama gigabaiti 1.1. Ya kilobiti 128 ni chini ya nusu gigabaiti, lakini matoazi yanaanza kulia kama maji yanayochuruzika bombani, na magitaa mawili yaliyo karibu yanagandana. Bora upakue mara moja kwa bando la usiku kuliko kusikiliza hewani kila siku kwa ubora wa chini. Kwenye programu ya kusikilizia, zima vitu vitatu: kuchanganya mpangilio wa nyimbo, kuingiza mwanzo wa wimbo juu ya mwisho wa mwingine, na kulinganisha ukubwa wa sauti. Hicho cha tatu nitakirudia nikifika kwa bendi ya Mogwai.

Jambo la mwisho kabla ya muziki: hesabu nyimbo. Nyingi ya albamu hizi zimetolewa upya zikiwa na nyongeza, na matoleo hayo ndiyo hujitokeza kwanza ukitafuta. Brighten the Corners ya Pavement, kwa mfano, ilirudi mwaka 2008 ikiwa na nyimbo zaidi ya 40. Albamu yenyewe ni 12 za mwanzo. Mtu anayesikiliza 40 anachoka halafu analaumu bendi.

Kwa masikio ya dansi, anza na Dig Me Out ya Sleater-Kinney. Ilitoka Aprili 1997 kwa Kill Rock Stars, nyimbo 13, dakika 36 na ushee. Hii ndiyo ile isiyo na besi. Bendi ni wanawake watatu: Corin Tucker anaimba na kupiga gitaa, Carrie Brownstein anapiga gitaa na kuimba, Janet Weiss yuko kwenye dramu, na hii ndiyo albamu yake ya kwanza na wenzake. Mtu aliyezoea solo, ridhimu na besi kugawana kazi katika bendi kama Mlimani Park ana faida kubwa hapa, maana anajua kufuata gitaa moja likiwa linajibu jingine. Tofauti ni kwamba hakuna linaloshika ridhimu muda wote. Gitaa la Tucker hukaa chini na kufanya sehemu ya kazi ya besi, la Brownstein hupanda juu, halafu wanapishana katikati ya mstari. Sikiliza "Words and Guitar" mara mbili, mara ya kwanza ukifuata la chini tu, mara ya pili la juu tu. Mara ya tatu ile "kelele" itakuwa imegawanyika yenyewe.

Sauti zao nazo zinafanya vilevile. Katika "One More Hour" wawili wanaimba maneno tofauti kwa wakati mmoja, mmoja akilia na mwingine akijibu kwa utulivu. Anayeimba kwaya hatahitaji kuelezwa. Tucker ana mtetemo mkali kooni ambao kwenye spika ya simu unageuka kuwa mluzi, kwa hiyo hii usiihukumu kwa simu. Kwenye sabufa, ikiwa inasikika tupu katikati, usikimbilie kitufe cha besi. Hakuna cha kuongeza huko chini zaidi ya teke la dramu, nalo litavimba peke yake. Shusha trebo kidogo, basi.

Kwa wapiga gitaa: hawatumii kutyuni kwa kawaida. Nyuzi zote zimeshushwa nusu sauti tatu, kutoka uzi mnene kwenda mwembamba: C♯, F♯, B, E, G♯, C♯. Ukishusha nyuzi nyembamba za 009 zitalegea na kugonga freti. Weka seti ya 011 au 012, kisha tyuni tena baada ya robo saa, kwa sababu nyuzi mpya zinavutika. Ukijaribu kufuata albamu hii kwa gitaa lililotyuniwa kawaida, kodi utazipata lakini zile noti za nyuzi tupu hutazipata kamwe, na ndizo zinazofanya gitaa la Tucker liwe zito.

Ya pili, na kwangu ndiyo albamu bora ya mwaka ule, ni Perfect from Now On ya Built to Spill, Januari 1997. Nyimbo nane tu, dakika 54. Bendi ni ya Boise, Idaho, na kiongozi wake ni Doug Martsch. Ilirekodiwa mara tatu. Mara ya kwanza Martsch alijaribu kupiga karibu kila kitu mwenyewe isipokuwa dramu, hakuridhika, akaitupa. Mara ya pili walirekodi na bendi, kanda zikaharibiwa na joto zikiwa safarini ndani ya gari na prodyuza Phil Ek. Mara ya tatu ndiyo hii tunayoisikia. Ninaitaja historia hiyo kwa sababu inasikika: wapigaji wanajua kila kona ya nyimbo hizi, na ndiyo maana wimbo wa dakika nane haulegei.

Mpenzi wa dansi anajua wimbo wenye sehemu mbili, ya kuimba na ya chemko. Hapa chemko hazingoji mwisho. "Stop the Show" inaanza polepole mno, inakaa hapo, kisha inabadilika ghafla ikawa kama wimbo mwingine kabisa. "Untrustable/Part 2", ya mwisho, ina mabadiliko kadhaa ya mwendo ndani ya dakika karibu tisa. Kosa la kawaida ni kuruka wimbo baada ya dakika mbili ukidhani umeshausikia. Katika albamu hii dakika mbili ni mlango tu. "Velvet Waltz" inahesabiwa kwa tatu, moja-mbili-tatu, na zaidi ya nusu yake ni magitaa yanayopanda juu ya selo. Na wimbo wa kwanza, "Randy Described Eternity", unaeleza umilele kwa picha moja: tufe la chuma kubwa kuliko sayari ya Jupita linapita karibu na dunia mara moja kila miaka elfu, nawe unapanda juu ya paa ukaligusa kwa unyoya, mpaka lisagike likabaki saizi ya njegere. Nimesikia mahubiri mengi juu ya umilele. Picha hiyo inakaa kichwani kuliko mengi yao.

Magitaa yamepangwa kwa tabaka, matatu hadi manne kwa wakati mmoja, yakitawanywa kushoto na kulia. Hii isikilize kwa eafoni kwanza, sabufa baadaye. Hakikisha eafoni ya L iko sikio la kushoto na mpira wake umeziba vizuri. Ukiacha upenyo, besi inatoka na magitaa yanakuwa makali. Ukiona upande mmoja una sauti ndogo, safisha tundu la simu kwa kijiti kikavu kabla ya kununua eafoni mpya, maana vumbi la mfukoni ndilo mara nyingi linalozuia plagi kuingia hadi mwisho.

Either/Or ya Elliott Smith, Februari 1997, Kill Rock Stars. Nyimbo 12, dakika 37. Jina ni la kitabu cha mwanafalsafa Kierkegaard. Sehemu kubwa ilirekodiwa majumbani huko Portland, na mbinu yake ni moja ambayo kila prodyuza wa mtaani angeweza kuiiga leo: anaimba mstari, halafu anauimba tena uleule, anaziweka sauti mbili pamoja. Kwa kuwa binadamu haimbi sawasawa mara mbili, zile tofauti ndogo hufanya sauti iwe laini na pana. Magitaa ya mbao anayafanyia hivyohivyo. Ukisikiliza kwa spika moja ya simu, pande hizo mbili zinakunjwa kuwa moja na zile tofauti zinageuka ukungu. Ndiyo maana wengi husema anaimba kwa kunong'ona na hawamsikii. Kwa eafoni, sauti ndogo, usiku, maneno yote yanasikika.

"Between the Bars" ni dakika mbili na sekunde 21, na ndiyo inayofaa mpiga gitaa wa kanisani anayetaka kujifunza kutembea na besi ndani ya kodi. Shusha nyuzi zote sauti moja nzima: D, G, C, F, A, D. Hesabu kwa tatu. Kidole gumba kinashika noti za chini zinazoshuka, vidole vingine vinapiga nyepesi juu yake. Ukiipiga kwa nguvu inakufa. Nguvu iko kwenye gumba tu. Desemba mwaka huo nyimbo zake kadhaa ziliingia kwenye filamu ya Good Will Hunting, na "Miss Misery" aliyoiandikia filamu hiyo ikateuliwa kugombea Oscar. Usiitafute kwenye Either/Or, haimo.

I Can Hear the Heart Beating as One ya Yo La Tengo, Aprili, Matador. Nyimbo 16, dakika 68. Ira Kaplan, Georgia Hubley na James McNew ni watu wa Hoboken, New Jersey, lakini hii waliirekodi Nashville na prodyuza Roger Moutenot. Ndiyo albamu yenye nyumba nyingi kuliko zote hapa: kelele za gitaa, kinanda, nyimbo za polepole, wimbo wa zamani wa Beach Boys uliogeuzwa mvumo. Hapa besi ipo na inafurahisha. "Moby Octopad" imejengwa juu ya mstari mmoja wa besi unaorudiwa, vingine vyote vinaning'inia hapo, kama besi ya dansi inayokataa kubadilika huku solo ikitembea. "Autumn Sweater" inasimama juu ya kinanda na ngoma, na ndiyo wimbo wa kumpigia mtu anayesema hapendi roki. Kikwazo kimoja: "Spec Bebop", wimbo wa 14, ni zaidi ya dakika kumi za kinanda kinachovuma bila kwenda popote. Mara ya kwanza ruhusa kuuruka, ila usiruke ule wa mwisho kabisa, "My Little Corner of the World", anaoimba Hubley. Albamu inafungwa hapo. Wimbo usio na maneno, "Green Arrow", uwekee usiku ukiwa ufukweni, Capri Point au Igombe, sauti ndogo kiasi kwamba maji bado yanasikika.

Pavement, Brighten the Corners, Februari, Matador, dakika 46. Nyepesi kuingia, na ninaipita haraka kwa sababu inajieleza. "Stereo" na "Shady Lane" zinakuja kwanza na zitakushika. Uzuri wa kweli uko "Type Slowly" na "Fin", ambapo Stephen Malkmus anaacha gitaa lilegee mpaka linakaribia kuanguka bila kuanguka. Ukiona kama hajui kupiga, sikiliza dramu na besi: ziko imara muda wote, yeye ndiye anayecheza nje ya mstari kwa hiari.

The Lonesome Crowded West ya Modest Mouse, Novemba, Up Records, ni kazi kubwa zaidi: nyimbo 15, dakika 74. Isaac Brock, Eric Judy na Jeremiah Green walitoka Issaquah, nje kidogo ya Seattle, na albamu inalia juu ya ardhi inayomezwa na maduka makubwa na maegesho ya magari. Kavani kuna minara miwili ya hoteli ya Westin ya Seattle. Anayeishi Buswelu au Kisesa na ameona mashamba yakigeuka viwanja na viwanja vikigeuka fremu za maduka hatahitaji tafsiri. Brock anapiga kelele kweli kweli, si mapambo, na wimbo wa kwanza, "Teeth Like God's Shoeshine", unakupiga nao usoni. Usianzie hapo. Anza na "Trailer Trash", halafu "Cowboy Dan", ndipo urudi mwanzo. "Truckers Atlas" ni dakika 11 za dramu na gitaa zinazosukuma mbele bila kusimama, na mahali pake ni barabarani: basi likishaacha Mwanza kuelekea Shinyanga, albamu nzima inaingia ndani ya nusu ya kwanza ya safari. Tumia eafoni za mpira zinazoziba sikio, kwa sababu mngurumo wa basi unafuta besi ya Judy yote, na ukipandisha sauti kufidia utaumiza masikio kwenye mayowe ya Brock.

Mogwai wa Glasgow, Young Team, Oktoba, Chemikal Underground. Nyimbo 10, dakika 64, karibu zote bila kuimba. Hapa ndipo kulinganisha sauti kunapoharibu kila kitu. Muziki huu umejengwa juu ya tofauti ya kimya na kishindo, na ukiruhusu programu au kitufe cha rimoti kusawazisha, unabaki na muziki wa lifti. "Like Herod" inatambaa kwa sauti ya chini kama dakika tatu, kisha inalipuka bila onyo. Kosa la kila mtu ni kupandisha sauti wakati wa utulivu. Fanya kinyume: peleka wimbo mbele hadi sehemu ya kishindo, weka sauti pale ambapo wewe na jirani mnaweza kuvumilia, rudi mwanzo, usiguse tena. Sehemu ya kimya itakuwa ndogo sana. Ndivyo inavyotakiwa. Kwa nyumba ya bati usiipige mvua ikinyesha, hutasikia chochote mpaka mlipuko. "Mogwai Fear Satan" ni dakika 16 za kodi chache tu, dramu na filimbi, na ndiyo niliyowahi kuona watu wa ngoma wakiielewa haraka kuliko watu wa roki, maana inakwenda kwa kurudia, si kwa kusimulia. Ukiipenda, mwaka huohuo kuna F♯ A♯ ∞ ya Godspeed You! Black Emperor wa Montreal, lebo ya Constellation. Santuri za kwanza ziliwekwa ndani ya kava sarafu iliyosagwa na treni.

Kwa watu wa kwaya kuna Ladies and Gentlemen We Are Floating in Space ya Spiritualized, Juni, nyimbo 12, dakika 70. Jason Pierce aliweka pamoja magitaa, nyuzi, tarumbeta na kwaya ya London Community Gospel Choir, na jarida la NME likaitangaza albamu ya mwaka mbele ya OK Computer. CD ilifungwa kama vidonge vya dawa, na karatasi ya maelekezo ndani. "Come Together" na "Cool Waves" ndizo za kusikiliza kwaya inavyoingia: haiji mbele kama kwaya zetu za AIC, inapanda nyuma taratibu kama maji ya ziwa yanavyokula mchanga. Besi ya sabufa hapa unaweza kuiongeza kidogo. Wimbo wa kwanza una matoleo mawili. La 1997 liliondolewa kipande cha "Can't Help Falling in Love" cha Elvis kwa sababu ya haki miliki. La 2009 limekirudisha. Tafuta la 2009.

Hizo ndizo nane. Ya tisa ni ya kufanyia kazi kwa mikono: Zaireeka ya The Flaming Lips wa Oklahoma City, Oktoba 1997. Jina limeunganisha Zaire na "eureka", neno la Kigiriki la mtu aliyegundua kitu, na albamu ilitoka miezi mitano baada ya Zaire kufutwa kwenye ramani. Ni CD nne, kila moja ina nyimbo nane zilezile, dakika 45 hivi, lakini kila CD imebeba sehemu yake tu ya muziki. Inabidi zipigwe zote nne kwa pamoja kwenye vifaa vinne. Wayne Coyne, kiongozi wa bendi, alilianza wazo hilo kwa kugawa kanda kwa watu wenye magari, wakazipiga kwa wakati mmoja kwenye maegesho. Ukipakua CD moja ukaisikiliza peke yake utaona imevunjika. Haijavunjika, ni robo.

Mahitaji: simu nne, spika nne, watu wanne, chumba cha kama mita nne kwa nne. Spika ziwe za waya. Blututhi huchelewesha sauti, mara nyingi kati ya milisekunde 100 na 300, na kila spika kwa kiasi chake, kwa hiyo hata mkibonyeza sawasawa hazitalingana. Sabufa moja ichukue CD moja, redio ya kaseti yenye tundu la AUX nyingine, na mbili zilizobaki zipewe spika yoyote yenye waya. Kila spika ikae kona yake. Simu zote ziwe kwenye hali ya ndege ili mtu asipigiwe katikati. Fungueni wimbo namba moja, muusimamishe kwenye sekunde sifuri, mmoja ahesabu kwa mwendo sawa "moja, mbili, tatu, nne", na wote wabonyeze kwenye nne, si baada yake.

Mkono wa binadamu hukosea kwa makumi ya milisekunde, na hilo halina madhara makubwa. Sauti yenyewe huchukua kama milisekunde 12 kuvuka chumba cha mita nne. Mtajua mmekosea zaidi ya hapo dramu zikianza kujirudia kama mwangwi wa mawe ya Bismarck Rock. Hapo simamisheni, msijaribu kuisukuma simu moja mbele wimbo ukiendelea. Anzeni upya kila wimbo, kwa sababu mapengo kati ya nyimbo hayafanani kutoka simu hadi simu, na kosa dogo la wimbo wa kwanza litakuwa kubwa kufikia wa nne. Spika dhaifu kuliko zote ndiyo ipangwe kwanza: ipandisheni mpaka kabla ya kukwaruza, kisha nyingine tatu zishushwe zilingane nayo. Wimbo wa sita, "How Will We Know?", una milio ya juu sana na ya chini sana, na kava lenyewe linaonya kwamba inaweza kumvuruga msikilizaji. Punguzeni sauti kwa nusu, na watoto wadogo wasiwemo chumbani.

Mwenye kompyuta na bila marafiki watatu anaweza kutumia Audacity, programu ya kuhariri sauti. Ingiza mafaili manne ya wimbo mmoja, kuza picha ya mawimbi uone pigo la kwanza la kila faili, yasogeze yalingane. Kila moja lishushe desibeli 12 kabla ya kuunganisha, maana sauti nne zinazofanana zikijumlishwa zinaweza kupanda kiasi hicho na kukatika juu. La kwanza lisukume kushoto kabisa, la pili nusu kushoto, la tatu nusu kulia, la nne kulia kabisa. Utapata muziki wote, ila hautazunguka chumba. Kwa hiyo mwenye kumbi ndogo ya mazoezi ya kwaya au bendi pale Mabatini, Kirumba au Igoma, yenye spika za pande zote, ndiye nimuombe afanye ile ya vifaa vinne na atuandikie hapa aliweka spika gani kona gani.